Je, wajua kwa nini chuo hakikuonyeshi matokeo mpaka umtathmini mhadhiri?

CR, yaani mwakilishi wa darasa, ameandika kwenye kundi la darasa: "Matokeo yapo kwenye mfumo." Mwanafunzi yuko ndani ya mwendokasi, ameshapita Kimara, simu ina chaji ya asilimia 9. Anaingia kwenye akaunti yake, na badala ya alama anakuta orodha ya kozi saba, kila kozi na fomu yake ya maswali kumi na tano hivi kumhusu mhadhiri. Hakuna pa kupita. Basi anabonyeza 5, alama ya juu kabisa, 5, 5 mpaka chini, kozi zote saba, na kabla basi halijafika Shekilango ameshajua kama ana sapu, yaani mtihani wa marudio.

Vyuo kadhaa vya Dar es Salaam huweka kufuli la namna hii, na sababu yake si uchokozi. Zamani fomu ziligawiwa kwa karatasi kwenye kipindi cha mwisho, na waliokuwa wamekaa ukumbini walizijaza papo hapo. Zilipohamia kwenye mfumo, wajazaji walipungua, na si Tanzania tu. Mtu akiachiwa hiari, wanaojaza mara nyingi ni wawili: aliyefurahi sana na aliyekasirika sana. Darasa la watu 300 likijazwa na 60, ripoti inawasemea hao 60, na wale 240 wa katikati hawasikiki kabisa. Chuo nacho kina wajibu wa kuangalia ubora wake chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa mwaka 2005, na kitengo cha uthibiti ubora hakiwezi kuandika ripoti ya maana kwa watu 60. Ndiyo maana matokeo yanafungiwa.

Shida ni kwamba kufuli huongeza wajazaji bila kuongeza fikra. Ile safu ya 5 tupu inahesabiwa sawa na fomu ya mtu aliyekaa akatafakari. Mfumo uliosukwa vizuri hunasa hali hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupima muda: fomu ya maswali 15 iliyojazwa kwa sekunde 12 haikusomwa. Ya pili ni kuchomeka swali lililogeuzwa, kwa mfano "Mara nyingi sikuelewa mhadhiri alitaka nini kwenye kazi alizotupa." Aliyempa mhadhiri 5 kwa ufafanuzi kisha akampa 5 hapa pia, alikuwa anabonyeza tu.

Muda wa kufungua fomu nao una uzito. Tathmini iliyojazwa kabla ya mtihani wa mwisho inazungumzia ufundishaji. Iliyojazwa baada ya mtihani inazungumzia mtihani. Swali la pili la mtihani likiwa gumu kupita kiasi, mhadhiri ataambiwa hata slaidi zake zilikuwa mbaya. Kwa hiyo dirisha zuri ni wiki mbili za mwisho za masomo, na mhadhiri asiione ripoti mpaka awe amekwishawasilisha alama. Hapo ndipo hofu ya "akijua ni mimi atanidisko", yaani atanifelisha mpaka niondolewe chuoni, inapopata jibu. Mfumo lazima ujue kuwa umejaza, la sivyo usingekufungulia matokeo, lakini ripoti inayomfikia mhadhiri haipaswi kubeba jina wala namba ya usajili. Palipo na hatari ya kweli ni madarasa madogo. Wanafunzi wanane wa shahada ya uzamili wanajulikana kwa uandishi wao tu, na ndiyo sababu vyuo vyenye uangalifu havitoi ripoti ya darasa ambalo wajazaji wake hawafiki idadi fulani.

Sasa, hizo namba zinapima nini hasa? Wengi hudhani zinapima nani anafundisha vizuri. Mambo ya fomu hizi yalianza Marekani miaka ya 1920, na watafiti wamezichunguza tangu hapo. Mwaka 1973 yalichapishwa matokeo ya jaribio moja la kuchekesha na la kutisha kwa pamoja: mwigizaji Michael Fox alivalishwa udaktari wa uongo, akafunzwa kutoa mhadhara uliojaa utani, maneno ya kubuni na hoja zinazojipinga. Wasikilizaji wake walikuwa wasomi, tena wengine wataalamu wa afya ya akili, na walimpa alama nzuri. Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya Ujerumani, ambako baadhi ya makundi ya wanafunzi wa udaktari yaliwekewa biskuti za chokoleti darasani. Hao waliwapa walimu alama za juu kuliko wenzao wasiopewa kitu. Kwetu yangekuwa maandazi na soda, na sidhani kama jibu lingebadilika.

Utafiti mzito zaidi ni wa Scott Carrell na James West, wa mwaka 2010, katika chuo cha jeshi la anga la Marekani. Pale mwanafunzi hachagui mwalimu, anapangiwa, na wote hufanya mtihani uleule. Walimu waliowafanya wanafunzi wang'are kwenye kozi ya kwanza ya hisabati walipata tathmini nzuri, lakini wanafunzi wao hao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi zilizofuata. Wanafunzi wa walimu wenye uzoefu mkubwa walipata alama za chini kwenye kozi ya kwanza, ila msingi waliowekewa ulidumu. Kwa lugha ya vyuoni kwetu: anayekupa madesa (nukuu za kukariri) yenye maswali ya mtihani anapendwa muhula huu, halafu muhula ujao mnakeri pamoja, yaani mnabeba kozi mliyofeli. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walikusanya tafiti nyingi za aina hii na hawakuona uhusiano wa maana kati ya alama za tathmini na kiasi ambacho wanafunzi walijifunza.

Jinsia nayo inaingia. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2015, walimu wawili wa kozi ya mtandaoni, mwanamume na mwanamke, walibadilishana majina kwa baadhi ya makundi. Kazi zilirudishwa kwa muda uleule. Hata hivyo, kwa kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, aliyedhaniwa mwanamume alipata 4.35 na aliyedhaniwa mwanamke 3.55. Mwaka 2018 msuluhishi wa mgogoro wa kazi huko Toronto, Kanada, aliamua kwamba chuo kikuu kimoja kisizitumie alama hizi kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kupandisha wahadhiri vyeo.

Si kwamba wanafunzi hawajui kitu. Wanajua vizuri sana yale waliyoyaona: kama mhadhiri alifika, kama sauti ilisikika safu ya nyuma, kama majaribio ya kozi yalirudishwa kabla ya mtihani wa mwisho, kama maswali yalijibiwa. Wasiyoweza kuyapima ni kama maudhui yanaendana na wakati, au kama mhadhiri ameibobea fani yake. Mwaka wa kwanza atajuaje? Lakini maswali hayo yamo kwenye fomu nyingi. Yamo pia maswali pacha, mfano "Mhadhiri alijiandaa vizuri na alifika kwa wakati." Aliyejiandaa vizuri lakini akachelewa kila Jumatatu kwa foleni ya Mwenge apewe ngapi? Atapewa 3, na hiyo 3 haimwambii mtu yeyote chochote.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, hufanyika ofisini baada ya fomu kufungwa: kila kitu husagwa kuwa wastani mmoja. Chukua kozi mbili za takwimu, kila moja na wanafunzi 40. Ya kwanza wote wametoa 3. Ya pili, 20 wametoa 5 na 20 wametoa 1. Wastani wa zote mbili ni 3.0. Ya kwanza ni mhadhiri wa kawaida tu. Ya pili inapiga kelele: pengine waliotoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) walielea na waliotoka HGL (historia, jiografia na lugha) walizama wiki ya kwanza, na dawa yake ni vipindi viwili vya marejeo ya aljebra, si barua ya onyo. Madarasa madogo yana balaa lake pia. Kwenye watu 12, mmoja akitoa 1 badala ya 5, wastani unashuka kwa 0.33, kwenye watu 240 unashuka kwa 0.02 tu. Kuwapanga wahadhiri hawa wawili kwenye jedwali moja ni kulinganisha vitu visivyolingana. Ripoti nzuri huonyesha wangapi walitoa 1, wangapi 2, hadi 5, na wangapi hawakujaza.

Kisanduku cha maoni huko chini ndicho chenye mali, na ndicho kinachoachwa wazi. "Mwalimu mzuri" haimsaidii mtu. "Slaidi za wiki ya 4 zina grafu tatu kwenye ukurasa mmoja, huwezi kusoma mihimili ukiwa nyuma" inarekebishwa jioni moja.

Ila ripoti ya mwisho wa muhula huwafaa watakaokuja mwakani, si waliojaza. Mhadhiri anayetaka kujua mapema hahitaji mfumo. Wiki ya 5 au ya 6, dakika kumi za mwisho wa kipindi, nusu karatasi bila jina, maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza, nini kinakukwamisha, ungebadilisha kitu gani kimoja? Yeye atoke nje, CR akusanye. Kipindi kinachofuata aanze kwa kusema anachobadilisha na asichoweza kubadilisha, na kwa nini. Asipofanya hivyo, mara ya pili atarudishiwa karatasi tupu.