Msanii akija shuleni asije kufanya shoo tu

Mimi ni afisa utamaduni hapa Kigoma na walimu wakuu wananiuliza sana, tunampataje msanii aje kufundisha watoto? Nikiwauliza wanamtaka lini, utasikia mahafali ya la saba. Sasa hiyo ni burudani jamani, sio mbaya, ila tusiite kufundisha.

Sanaa na Michezo ni somo, lipo kwenye mtaala wa msingi, shida mwalimu anayelishika ndo huyohuyo wa Hisabati na Kiswahili na hajawahi kuwamba ngoma maisha yake yote, wala sio kosa lake. Anayejua yupo Ujiji, yupo Kasulu, tumwite.

Kuna siku nilikaa nyuma ya darasa la nne, mzee mpiga ngoma za Kiha kaja na gogo lililochimbwa, kamba, na ngozi ya ng'ombe aliyoiloweka toka jana. Watoto wanne wakashika ngozi kila mtu upande wake wakavuta mpaka jasho, akapiga, ikatoa sauti kama unapiga godoro, darasa zima likacheka. Wiki iliyofuata karudi nayo imekauka, ile kugusa tu inalia! Binti mmoja akauliza mbona ngoma ya kwao mvua ikinyesha inalegea mpaka waioteshe moto, na mwalimu akadakia hapohapo na Sayansi yake, unyevu na joto vinafanya nini kwenye ngozi. Yaani kipindi kile sikutamani kiishe.

Ila mwamba ngoma huvutia kwake. Msanii ukimwachia darasa peke yake anageuza shoo, watoto wanapiga makofi na mwalimu yuko ofisini anasahihisha madaftari. Kaeni wawili kabla, mkubaliane mwisho wa siku mtoto ataweza kufanya nini kwa mikono yake. Na mwalimu asitoke darasani hata kama msanii ni mjomba wake, hiyo ni usalama wa watoto, haina mjadala.

Marekani mfuko wao wa taifa wa sanaa ulianza kupeleka wasanii mashuleni tangu miaka ya 1960, na msanii anaweza kukaa na shule siku kadhaa au wiki, sio mchana mmoja. Sisi hata Jumanne nne zinatosha. Muda mzuri ni kuanzia Julai shule zikifunguliwa, maana Novemba mpaka Aprili mvua zetu mnazijua, ngozi haikauki na vyungu vya mfinyanzi navyo ndo hivyohivyo.

Halafu posho. Fundi wa choo cha shule analipwa, msanii anaambiwa achangie elimu, kwani yeye anakula nini siku hiyo? Kamati ya shule iweke nauli na hela ya siku kwenye bajeti mapema.

Mkija ofisini kwetu kuomba msanii njooni na ratiba ya vipindi, sio kadi ya mahafali.