Kunazi au sumu? Maswali ya wazazi kuhusu matunda ya uwandani

Skuli zikifungwa, watoto wa Unguja na Pemba hushinda uwandani wakichuma kunazi, zambarau na bungo. Baadhi ya wazazi wamenunua vijitabu vya mfukoni vyenye picha za matunda pori, na haya ndiyo wanayoniuliza.

Tunda linafanana na picha ya kitabuni. Nimpe mtoto?

Bado. Tazama tawi zima. Kunazi iliyoiva huwa manjano hadi hudhurungi, na matunda ya rangi hiyo ni mengi. Geuza jani: la mkunazi juu ni kijani kinachong'aa, chini jeupe kama limepakwa unga, na mishipa mitatu inaanzia penye kikonyo. Tawi lina miiba. Ndani ya tunda mna kokwa moja ngumu. Waliowahi kuchuma majani haya kwa kuoshea maiti hawayasahau. Alama moja ikikataa kulingana na kitabu, liache.

Jina la kitabuni silo tunalolijua sisi.

Fuata jina la kisayansi. Wapo wanaouita mbono ule mti wa kupandia ua, Jatropha curcas, na wapo wanaoita hivyo mbarika, Ricinus communis. Mbegu za yote miwili ni sumu. Tena kitabu kiwe cha Afrika Mashariki. Cha Ulaya hakina matunda yetu, na mtu akikosa picha yake huishia kulazimisha ifanane na nyingine.

Lipi la kuogopwa zaidi?

Mimi naogopa mbono wa uani. Mbegu yake ina utamu kama wa njugu, mtoto hasiti. Niliwahi kumpokea mtoto wa jirani katapika mpaka macho yamezama, na kiganjani bado kafumbata maganda meusi. Alitafuna mbegu tatu tu. Kutapika na kuharisha huja ndani ya saa chache.

Turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hutunga shanga, zikitafunwa zinaweza kuua. Dalili zake huchelewa, pengine hata zaidi ya siku, kwa hiyo usingoje aumwe ndipo umpeleke.

Si husemwa anachokula kima na mtu anaweza kula?

Hapana! Kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, hula majani na matunda mabichi ambayo sisi hatuyawezi. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na hula makaa, yanayosaidia kunasa baadhi ya sumu za majani hayo. Mwanao hana tumbo hilo. Wala usimpe makaa ya jikoni. Yale ya hospitali ni dawa iliyotayarishwa na hupimwa.

Kashakula. Nifanye nini?

Mtoe mabaki mdomoni, asukutue kwa maji. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu asipaliwe. Mkimbize hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe tawi lenye majani na tunda, pamoja na mabaki aliyotema. Daktari atataka kujua kala ngapi, saa ngapi. Kijitabu kipekueni njiani, garini, si nyumbani mtoto akingoja.