Miezi tisa tu ya vumbi: yasemwayo kuhusu asbesto, na ukweli wake

Julai 1982 watazamaji wa ITV nchini Uingereza walimwona Alice Jefferson, mwanamke wa miaka 47, akimalizwa na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu inayoletwa na vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika katika mabati ya paa na vifaa vya kuzuia joto. Filamu ile, *Alice – A Fight for Life*, ilitengenezwa na Yorkshire Television. Ilipoonyeshwa, mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Dhana: asbesto huwaua waliokula vumbi lake miaka mingi.

Alice alifanya kazi Acre Mill, kiwanda cha asbesto cha kampuni ya Cape karibu na mji wa Hebden Bridge, Uingereza, akiwa kigoli wa miaka 17. Kwa miezi tisa tu. Kinachohitaji vumbi jingi la muda mrefu kwa kawaida ni asbestosisi, yaani makovu ya mapafu. Mesothelioma inaweza kuanzia kwenye vumbi dogo, kisha ikajificha miaka 20 hadi 50. Ndiyo maana imewapata hata wake waliokung'uta ovaroli za waume zao kabla ya kuzifua. Daktari J.C. Wagner na wenzake walipochapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma mwaka 1960, wengi wao wakiwa wa Northern Cape, Afrika Kusini, baadhi hawakuwahi kuchimba chochote: waliishi tu jirani na migodi.

Dhana: televisheni ndiyo iliyofichua siri ya hatari ya asbesto.

Siri gani? Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha Turner Brothers mjini Rochdale, alikufa kwa asbestosisi mwaka 1924, na mwajiri akakataa kuchangia hata mazishi. Mwaka 1930 wakaguzi wa viwanda Merewether na Price waliikabidhi serikali ripoti yao kuhusu madhara ya vumbi hilo, na mwaka uliofuata zikatungwa kanuni za vumbi viwandani. Hata Acre Mill yenyewe ilikwisha kuonyeshwa mwaka 1971, katika kipindi cha *World in Action* cha televisheni ya Granada.

Kwa hiyo taarifa zilikuwepo, tena kwa wingi. Kilichokosekana ni sura. Ripoti unaweza kuifungia kabatini. Mama wa watu anayehangaika kuvuta pumzi mbele ya familia iliyokaa kula chakula cha jioni, utamfungia wapi? Baada ya filamu ile serikali ilipunguza kiwango cha vumbi kilichoruhusiwa, na kanuni za 1983 zikawataka wanaobomoa vifaa hatari zaidi vya asbesto wawe na leseni. Mimi naihesabu hiyo kuwa kazi ya Alice kuliko ya kamera.

Dhana: wanaharakati wanafuata fedha.

Nancy Tait alifiwa na mumewe, fundi wa simu, mwaka 1968. Mwaka 1978 akaanzisha chama cha kuwasaidia wagonjwa na wajane kudai haki zao, akaendelea na kazi hiyo hadi uzeeni.

Na fedha zenyewe ni zipi? Cape hiyohiyo ilikuwa na migodi Afrika Kusini. Miaka ya 1940 daktari Gerrit Schepers aliwakuta watoto kwenye kinu cha Penge wakiwa ndani ya magunia makubwa, wakikanyagakanyaga nyuzi za asbesto zishindiliwe vizuri, msimamizi akiwa na kiboko mkononi. Waathirika walipoishtaki Cape nchini Uingereza, kampuni ilibishana miaka kwamba kesi irudishwe Afrika Kusini, mpaka House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ilipokataa mwaka 2000. Mwaka 2003 Cape ilikubali kulipa pauni milioni 7.5, na wadai walikuwa 7,500. Gawanya mwenyewe. Mamia yao walikuwa wameshakufa wakisubiri.

Dhana: asbesto nyeupe haina neno.

Shirika la Afya Duniani linasema aina zote, ya bluu, ya kahawia na hiyo nyeupe, husababisha saratani.

Dhana: imepigwa marufuku, yamekwisha.

Uingereza ilizuia ya bluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Afrika Kusini ilifuata 2008. Lakini marufuku haishuki juu ya paa kuling'oa, na huku kwetu Afrika Mashariki paa hizo za kijivu zenye migongo bado zipo kwenye majengo ya zamani. Zikiwa nzima na hazijachakaa, hatari yake ni ndogo. Hatari inapanda pale fundi anapopanda na msumeno kukata kipande kilichopasuka, akipuliza vumbi ili aone mstari wake, huku watoto wakiokota vigae chini wachoree sakafuni kama chaki.