Hamu ya kutafuna usiku sio lazima iwe njaa

Wengi wanaamini ukitamani kitu saa tatu usiku, na umeshapiga ugali na sato, basi mwili unadai. Hapana jamani, mara nyingi umeboeka tu. Njaa ya kweli inakuja taratibu na haichagui, hata kiporo na dagaa unashusha, ila hii nyingine inakuja ghafla inataka chipsi tu, maana vya mafuta na sukari vinaamsha dopamini (kemikali ya hamu na raha) kwenye ubongo, unapata raha kidogo alafu unaboeka tena. Hamu hiyo hupanda ikashuka yenyewe, kwahiyo toka nje ukae barazani upigwe na upepo wa ziwa, piga stori na jirani (sio yule muuza mishkaki 😂). Ila kama mchana hukula, hiyo ni njaa, kula.