Muda wa ndege haupatikani kwa kutoa saa za tiketi

Nauza tiketi hapa Tanga, na kuna swali limenichosha: "Mbona kwenda Dubai masaa sita na nusu, kurudi manne na nusu? Nitafutie ndege ya kwenda inayokimbia kama ile ya kurudi." Jamani, ndege hiyo haipo.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Tuseme unaondoka Dar es Salaam 16:30, hiyo ni saa ya Dar. Unatua Dubai 23:00, hiyo ni saa ya Dubai, na wenzetu wametutangulia kwa saa moja. Ukitoa hivi hivi utapata 6 na nusu, na moja kati ya hizo hukuisafiri kabisa. Wakati wa kurudi saa ile ile inapotea kwenye hesabu, ndiyo maana unaona 4 na nusu. Safari yenyewe ni kama saa 5 na nusu kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Umbali haubadiliki, karibu kilomita 4,000.

Muscat ni kama Dubai. Jeddah saa zao ni zetu. Mumbai wametuzidi saa 2 na nusu, na Guangzhou saa 5, hapo wafanyabiashara ndipo wanapopotea kabisa. London wako nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi.

Basi ukielekea mashariki, toa kisha punguza tofauti, ukirudi, ongeza. Pa kutoa moja kwa moja ni pale unaposubiri kuunganisha: ukitua Addis Ababa 21:00 na kuondoka 23:30, una saa 2 na nusu kweli, maana saa zote mbili ni za uwanja mmoja.

Wengine hupima ndege kwa kilomita za basi. Tanga hadi Dar kwa barabara ni kama 350, kwa kuwa unazunguka Segera na Chalinze. Kwa mstari ulionyooka ni kama 200. Ndege ndogo huzimaliza chini ya saa moja, isipokuwa ikipitia Pemba au Unguja.

Na huu muda wa tiketi si wa angani tu. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya huko.

Kuhusu usiku, naomba tusikilizane. 00:40 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Saa tatu na nusu usiku wa tarehe 14 uwe umeshafika uwanjani. Ukija usiku wa tarehe 15, mwenzio aliyekaa jirani na kiti chako ameshalala na kuamka huko alikokwenda. Na wewe wa Tanga, usitegemee basi la siku hiyo hiyo, foleni ya Dar haijali tiketi yako. Panda la jana yake, ulale Dar.