Kubeba mimba tena baada ya ile iliyokaribia kukuua

Wanawake waliopata kifafa cha mimba, waliopasuliwa usiku wa manane au waliovuja damu hadi wakapoteza fahamu huniuliza swali moja wakishapona: je, nitazaa tena? Mimi ni daktari wa wanawake na uzazi hapa magharibi mwa Uganda, na wengi wanaoniuliza hivyo huniuliza kwa Kiswahili. Ni wafanyabiashara wa mpakani Mpondwe, wake wa wanajeshi, na Wakongo wanaoishi katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II na Rwamwanja. Mara nyingi jibu langu ni ndiyo. Ila kabla ya kulitoa nina maswali yangu: katika mimba ile ulipatwa na nini hasa, ilikuwa wiki ya ngapi, na walikufanyia nini?

Wengi hawajui. Atakwambia "presha ilipanda" au "walinipasua kwa sababu mtoto alichoka", basi. Simlaumu. Aliyezimia ataelezwa saa ngapi? Lakini majibu hayo ndiyo yanayoamua mimba inayofuata tuitunze vipi. Aliyepata presha ya mimba, ile ambayo ikizidi huleta kifafa cha mimba, ana uwezekano wa kuipata tena wa kama mmoja kati ya sita. Ikiwa ilikuwa kali hadi ikabidi azalishwe kati ya wiki ya 28 na ya 34, uwezekano huo hufika mmoja kati ya watatu. Ugonjwa ni uleule, na wanawake wote wawili watakwambia "presha ilipanda", lakini mimi siwezi kuwapangia ratiba moja.

Kwenye upasuaji tofauti ni kubwa zaidi. Daktari anaweza kuukata mji wa mimba kwa upana, sehemu ya chini, na hivyo ndivyo tunavyofanya kwa kawaida. Lakini mtoto akiwa mdogo sana au amelala vibaya, wakati mwingine hulazimika kuukata wima, sehemu ya juu. Kovu la chini, likiwa moja tu, linaweza kuvumilia uchungu wa mimba ijayo. La wima hatuliamini. Linaweza kupasuka hata kabla uchungu haujaanza, kwa hiyo mama huyo tunampangia upasuaji mapema. Na usidanganyike na kovu unaloliona tumboni. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa upana huku mji wa mimba umekatwa wima. Anayejua ni aliyepasua, na kile alichoandika.

Hapo ndipo tunapokwama. Uganda mgonjwa hutembea na kumbukumbu zake katika daftari la shule alilonunua dukani karibu na geti la hospitali. Daftari hilo hulowa mvua, huliwa na panya, na aliyekimbia vita Ituri au Kivu Kaskazini alikimbia na watoto, hakukimbia na makaratasi. Kwa hiyo nimejifunza kuuliza kwa njia nyingine. Namuuliza: walikuchoma sindano mbili kubwa za makalio, zenye maumivu makali, kisha wakawa wanarudia moja kila baada ya saa nne? Kabla ya hapo kuna dawa waliipitisha mshipani polepole, ukasikia joto limekupanda mwili mzima? Kuna mtu alikuwa anakugonga goti kwa kinyundo? Akitikisa kichwa kukubali, basi alipewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia na kutibu degedege la kifafa cha mimba. Goti hugongwa kwa sababu dawa ikizidi mwilini, mguu huacha kuruka kabla pumzi haijaanza kuathirika. Mwanamke anaweza kusahau jina la daktari na tarehe, lakini sindano zile hazisahau.

Naendelea. Mtoto alikuwa na kilo ngapi? Alilia? Ulikuwa umepimwa skani? Walikuongeza damu, chupa ngapi? Kuna aliyekwambia usije ukaachwa usukume tena? Mara nyingi mama mkwe au dada aliyekuwa akimuuguza ndiye anayekumbuka vizuri, kwa hiyo naomba aje naye. Vipande hivyo tukiviunganisha, tunapata picha ya kutosha kufanyia kazi.

Wewe unayesoma hii na umeshikilia karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa neno moja tu, "upasuaji", rudi wodini ukaulize. Omba waandike sababu, wiki ya mimba, aina ya mkato, damu uliyopoteza, na presha yako siku ya kutoka. Piga picha kwa simu, umtumie na mtu wako mmoja. Ni haki yako, na hakuna mkunga mwenye akili timamu atakayechukia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Tunaogopa kijicho, tunaogopa maneno, na aliyepoteza mtoto huificha kuliko wengine wote, maana akipoteza tena hataki kijiji kizima kijue. Namwelewa. Lakini kliniki anakuja mwezi wa tano au wa sita, tumbo likishaonekana, na kwa aliyewahi kupata presha ya mimba wakati huo tumeshapitwa.

Tumepitwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aspirini. Mizizi ya ugonjwa huu iko kwenye kondo la nyuma, ambalo hushindwa kujishika vizuri kwenye mji wa mimba katika miezi ya mwanzo. Aspirini ya kiwango kidogo hulisaidia, mradi ianze mapema, kuanzia wiki ya 12, na vizuri zaidi kabla ya ya 16. Utafiti wa ASPRE uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wanawake walio katika hatari miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36, na presha ya mimba inayolazimisha mtoto atolewe kabla ya wiki ya 37 ikapungua kwa asilimia 62. Mimi sijui dawa nyingine katika kazi yetu yenye bei ndogo kama hiyo na faida kubwa kama hiyo. Usijinunulie tu dukani, maana wako wasiofaa kuitumia, mfano wenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Njoo uandikiwe. Uulizie na vidonge vya kalsiamu, kwani kwa wanaokula chakula chenye kalsiamu kidogo navyo hupunguza hatari.

Sababu ya pili wachache wanaielewa. Presha ya mwanamke mwenye mimba hushuka yenyewe katikati ya safari, kisha hupanda tena kuelekea mwisho. Mwenye presha ya kudumu akipimwa kwa mara ya kwanza mwezi wa tano anaweza kuonekana mzima kabisa, mkunga akaandika "kawaida", na wote wakarudi nyumbani wameridhika. Ikipanda mwezi wa saba hatujui kama ni ile ya zamani au ni kifafa cha mimba kinakuja. Kipimo cha wiki ya nane au ya kumi kingetuambia. Unaweza kuwaficha majirani mimba hadi siku ya kujifungua, na mimi nitakusaidia kuificha. Usiifiche kliniki tu.

Ukifika kliniki, dai vitu viwili kila ziara, hata foleni iwe ndefu namna gani: mkanda wa presha mkononi ukiwa umekaa na kutulia, na mkojo. Kijiti cha mkojo kina kiraka cha njano cha kupima protini. Kikigeuka kijani, figo zinapitisha kile zisichopaswa kupitisha. Presha ya 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 ni ya kufuatiliwa. Ikifika 160 kwa 110, ni ya kulazwa siku hiyohiyo.

Na kuna maumivu ambayo naomba kila mwenye duka la dawa asome sentensi hii mara mbili. Mwanamke mwenye mimba kubwa anayelalamikia maumivu sehemu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, asiuziwe dawa ya vidonda vya tumbo kabla hajapimwa presha. Huenda ini limeanza kuvimba. Vivyo hivyo kichwa kinachouma bila kutulia, kuona vimulimuli, au uso na mikono kuvimba ghafla. Mara nyingi huitwa malaria, akapewa dawa ya malaria, na degedege likamkuta njiani juu ya bodaboda.

Kuhusu lawama nitasema wazi. Hukupata kifafa cha mimba kwa sababu ulibeba maji, uligombana na wifi, au kuna aliyekufanyia jambo. Kondo halikubanduka kwa sababu ulilala chali. Nimewaona wanaume wakiambiwa na wazee waoe mwingine "atakayezaa vizuri", na nimewaita wanaume hao ofisini nikawachorea kondo la nyuma kwenye karatasi. Wengi huelewa, na huyo baba aliyeelewa ndiye anayekesha na namba ya dereva usiku.

Muda kati ya mimba nao hupunguzwa na msiba. Aliyepoteza mtoto hushinikizwa apate mwingine haraka, "ili asahau". Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 baada ya mtoto aliyezaliwa hai kabla ya kubeba mimba nyingine. Kwa aliyepasuliwa, uzazi ukifuatana kwa muda wa chini ya miezi 18, hatari ya kovu kupasuka wakati wa uchungu inaongezeka. Ili kuusogeza muda huo, mwenye presha anaweza kuwekewa kipandikizi cha mkononi cha kuzuia mimba bila wasiwasi, ila vidonge vya uzazi wa mpango vya mchanganyiko vyenye estrojeni havimfai. Na kama anatumia dawa za presha kama enalapril au captopril, lazima zibadilishwe kabla ya mimba, kwani humdhuru mtoto. Tuna methyldopa na nifedipine, tutampa hizo.

Suala la wapi utazalia lipangwe mapema, wewe na mumeo mkiwa pamoja. Kituo cha afya ngazi ya tatu ni kizuri kwa uzazi wa kawaida, na nawaheshimu sana wakunga wake, lakini wewe si wa huko. Ngazi ya nne inatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Uliza kama kinafanya kazi, kama daktari yupo, na hasa kama wana damu. Huku kwetu damu inatoka benki ya kanda, Fort Portal, na umbali kati ya benki na kitanda chako ni jambo la uhai kwa aliyewahi kuvuja sana, maana aliyevuja mara moja ana hatari kubwa kuliko wengine ya kuvuja tena. Ikiwa nyumbani ni mbali, sogea karibu na hospitali ya rufaa wiki ya 36 au 37, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kungojea kama ipo.

Mwenye kovu moja la chini ambaye sababu ya upasuaji wake haijirudii anaweza kujaribu kuzaa kawaida, na karibu watatu kati ya wanne wanaojaribu hufaulu. Mji wa mimba hupasuka kwa kama mmoja kati ya 200. Ndiyo maana sikubali ajaribu mahali ambapo hatuwezi kumpasua mara moja. Kwa aliyerekebishwa fistula, lile tundu la kuvuja mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu, sibishani kabisa: azae kwa upasuaji uliopangwa. Na kila upasuaji unaoongezeka hufanya mimba inayofuata iwe ngumu zaidi, hasa kondo likikaa juu ya kovu, kwa hiyo mazungumzo ya idadi ya watoto tunayafanya mapema, si siku ya upasuaji wa nne.

Kuna wiki moja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote, nami naiandika kwenye daftari la kila mama aliyefiwa: wiki ya mimba ileile ambayo mtoto wa kwanza alifariki. Ikikaribia, mama hapati usingizi. Hujibonyeza tumbo usiku kucha ili mtoto acheze. Kitabibu pengine hakuna sababu ya kumwona wiki hiyo, lakini mimi humwambia aje kila anapotaka, asubuhi, bila miadi, tumsikilizishe mapigo. Kifaa huwekwa tumboni, kelele kidogo, kisha mapigo yanapatikana, haraka haraka, na mama anashusha pumzi. Wenzangu wengine wanaona ni kujaza foleni. Kwa maoni yangu, foleni ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

Tumepiga hatua nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha vifo 336 vya wajawazito na wazazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ule wa 2022 ulionyesha 189. Presha ya mimba na kuvuja damu bado ni miongoni mwa wauaji wakuu.

Mtoto akishazaliwa salama, watu husherehekea na mama husahaulika. Presha huweza kupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati mama ameshafika nyumbani na wageni wamejaa, na degedege huweza kumpata hata hapo. Kwa hiyo apimwe kabla ya kuruhusiwa, apimwe tena ndani ya wiki hiyo kwenye kituo kilicho karibu, na tena wiki ya sita. Ikiwa bado iko juu ikipita miezi mitatu, hiyo si ya mimba tena, ni yake, na inahitaji matibabu ya kudumu. Hata ikishuka kabisa, aliyepitia kifafa cha mimba ana hatari kama maradufu ya ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka ya mbele, kwa hiyo apimwe presha walau mara moja kila mwaka, hata huyo mtoto akishaanza shule.