Besi za mtumba mtandaoni: hii ya "inahitaji setapu tu" imenichosha

Jamani hili naliandika kwa urefu mara moja ili nisilirudie tena kwa kila mtu. Watu wa Malindi na Watamu wanaoniletea besi (gitaa la nyuzi nne nene) walizonunua mtandaoni karibu wote wana hadithi moja, ati muuzaji alisema haina shida, inahitaji setapu tu, yaani kurekebishwa kidogo. Au inahitaji nyuzi tu. Halafu nikiishika mkononi, kabla hata sijafungua skrubu moja, naona pesa ya mtu imeshakwenda, na wengi hawa ni vijana wa kwaya na bendi ndogo za hoteli, hiyo pesa wameichanga kwa shida.

DHANA: Neki (shingo ya besi) ikipinda si neno, unakaza trasi rodi ya ndani yake inanyooka.

UKWELI: Setapu inafanyiwa besi isiyo na ubovu. Ni kuweka neki kwenye ule upinde mdogo unaotakiwa, kupandisha ama kushusha sadeli (vile vidude vinavyobeba nyuzi kule zinakoishia), kusawazisha intonesheni (noti zitoke sahihi neki yote), basi. Haifufui neki iliyokufa.

Nyuzi nne za besi zikikazwa kwa tyuning ya kawaida zinavuta neki kwa nguvu ya kilo 70 hivi na kuzidi, mzigo mkubwa kuliko mfuko wa simiti, na zinavuta usiku na mchana. Trasi rodi ni chuma kilicholazwa ndani ya neki kishindane na huo mvuto, na nguvu zake ziko sehemu ya katikati. Neki ikijinyonga, yaani upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umelala, hicho chuma hakina la kufanya, ukikaza unanyoosha huku unaharibu kule. Ikiwa imeinuka kule mwisho inakoungana na bodi (kiwiliwili cha besi), pia haiwezi. Na besi nyingi za bei rahisi trasi rodi yake inafanya kazi upande mmoja tu, kwa hivyo neki iliyopinda kinyumenyume na nati ya kuikazia hiyo trasi rodi imeshalegea yote, hapo huna kitu cha kulegeza tena.

Juzi kijana wa Barani anayepiga kanisani kaniletea moja ya shilingi 9,000, kwa tangazo imeandikwa "iko poa, setapu kidogo". Sadeli zote nne zilikuwa zimeshushwa mpaka zimelala kwenye bamba la brij, pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, skrubu zake ndogo zimechomoza juu zinakwaruza kiganja, na bado pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolazwa kukata neki) kalamu ya risasi inapita chini ya uzi wa E, ule mnene kabisa, bila kugusa. Nikafungua kile kifuniko cha kichwani. Tundu la nati ya trasi rodi linatakiwa liwe na pembe sita, hili lilikuwa limeshakuwa duara, alenki, ule ufunguo wake wa pembe sita, inazunguka tu haishiki chochote. Maana yake kuna mtu alishajaribu kuinyoosha, akaingiza alenki ya inchi mahali pa milimita akalazimisha, ikamshinda, ndipo akapiga picha akaiuza. Mtu kama huyo akisema hakujua mimi sikubali, alijua. Na kuweka neki nyingine kungemla kijana pesa nyingi kuliko hiyo 9,000.

Sisemi kila besi yenye nyuzi za juu imeharibika neki. Kuna ambazo neki imenyooka sawasawa, shida ni ile pembe ya kuingilia kwenye bodi tu, unafungua skrubu nne, unaweka kipande chembamba cha mbao pale chini, unafunga, kwisha. Ni kazi ndogo. Lakini picha ya mbele haiwezi kukuonyesha kama ni hii ama ile, na wauzaji wanapenda picha ya mbele, besi imelazwa kitandani, rangi inang'aa.

Kwa hivyo omba picha ambazo hakuzipiga. Simu iwekwe kichwani mwa besi iangalie neki yote mpaka kwenye brij, nyuzi zikiwa zimefungwa na zimetyuniwa, uone kama kingo mbili zinakwenda sambamba. Nyingine ubavuni pale freti ya 12. Nyingine brij kwa karibu. Kisha video, apige freti moja moja uzi mmoja mmoja mpaka ya mwisho, bila amplifaya, utasikia ni wapi inapokwaruza na wapi sauti inakufa. Ni dakika chache tu. Mtu ambaye hana muda wa hiyo video lakini dipoziti ya M-Pesa anaitaka leo, achana naye kabisa.

Na besi isiyo na nyuzi usinunue, hata akupunguzie nusu. Bila nyuzi hakuna kinachoivuta neki, itaonekana imenyooka vizuri, ukifunga nyuzi ukailaza usiku mmoja ndio unaona ukweli wake.

Iko setapu ya haki lakini. Besi iliyokuwa sawa Nairobi ikishuka huku pwani na huu unyevu wetu neki inasogea, ni kawaida, unakaza ama kulegeza robo mzunguko unaiacha mpaka kesho unaangalia tena. Zangu mwenyewe kaskazi ikipisha masika na kusi lazima niziguse. Hiyo ndio "setapu tu" ya kweli, na neki yake ilikuwa nzima tangu mwanzo.

DHANA: Imeandikwa Fender (ile kampuni ya Marekani ya magitaa) kichwani, basi ni Fender.

UKWELI: Stika inauzwa. Besi za Fender zinazojulikana zaidi, Precision ilitoka 1951 na Jazz Bass 1960, na hayo maumbo yamenakiliwa na viwanda chungu nzima tangu zamani. Tena neki inashikwa na skrubu tu, kwa hivyo neki ya besi hii inaweza kukaa kwenye bodi ya ile na namba ya kichwani isikuambie lolote kuhusu bodi. Fender yenyewe inatengeneza Corona kule California na Ensenada huko Mexico, na Squier ni chapa yake ya bei nafuu, nyingi zinatoka Indonesia na Uchina. Squier isiyo na ubovu si aibu hata kidogo, mimi nawashauri wanafunzi wangu waanzie hapo. Ubaya ni tangazo kusema Fender halafu kwenye picha kichwa kimekatwa. Mwambie akuonyeshe kichwa chote mbele na nyuma.

Mikwaruzo ya rangi, na vile vifundo vya sauti vinavyokwaruza ukivizungusha, watu wanaviogopa bure. Chumvi ya bahari inavichafua, dawa ya kusafishia kontakti inatosha mara nyingi, na hata poti, kile kifaa kilicho chini ya kifundo, ikifa kabisa ni kitu cha kuchomelea upya mchana mmoja. Mtu anakataa besi nzuri kwa mkwaruzo halafu anachukua yenye neki mbovu kwa sababu inang'aa, hili linaniuma sana.

Kuna na maneno mengine ya matangazo. "Ni aktivu, kwa hivyo ni kali zaidi." Aktivu maanake ina saketi ndani inayokula betri, kawaida ya volti 9. Uliza kama kile kisanduku cha betri kimeoza, betri iliyosahaulika humo inavuja na kula waya.

"Saizi kamili." Mwambie apime kutoka nati ya juu pale nyuzi zinapopita mpaka freti ya 12, hiyo ni nusu ya urefu wa uzi. Sentimita 43 hivi ni ile ndefu ya inchi 34, sentimita 38 ni fupi ya inchi 30. Fupi si ya watoto, besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles ni fupi, ila nyuzi zake ni za urefu wake na huku kwetu kuzipata ni kuagiza.

Halafu hizi za kuuzwa pamoja na amplifaya ya wati 15, "inatosha kanisa". Haitoshi, dramu zikianza tu husikiki, ni ya kufanyia mazoezi chumbani. Nunua besi peke yake, hiyo pesa ya nyongeza weka kwa DI boksi, kile kisanduku cha kuunganishia besi na miksa, uchomeke kwenye miksa ya kanisa.